Pikipiki, peke yako, siku tatu: kutoka Mombasa kwenda Kwale, Kinango na Taita, alafu kurudi kwa njia ya Kaloleni

Watu wengi wa Mombasa wenye pikipiki wakiwaza safari wanawaza mbili tu, Malindi ama Nairobi, na zote mbili ni kushika lami moja mpaka iishe. Mimi nataka nikuelekeze mzunguko mwingine, ambao ukiwa na siku tatu na pikipiki ya kawaida, hata Boxer ya 150, unaumaliza vizuri tu. Unatoka kisiwani kwa upande wa kusini, unapanda Kwale, unateremka Kinango, unatokea Samburu kwenye barabara ya Nairobi na unalala Voi. Kesho yake unapanda milima ya Taita mpaka Wundanyi, na siku ya tatu unarudi mpaka Mariakani, unakata kushoto kwenda Kaloleni, unatokea Mavueni pale karibu na daraja la Kilifi, na kutoka hapo ni nyumbani. Yote kwa yote ni kilomita 500 na kitu.

Hatari ya safari hii si ndovu wala si majambazi vile watu wanavyokutisha ukisema unaenda peke yako. Hatari ya kwanza ni barabara ya Nairobi yenyewe na trela zake, na ya pili ni giza. Ndio maana mpango wote hapa chini umepangwa hivi: ukae kwenye ile barabara kubwa muda mchache na kwa saa nzuri, na saa kumi na moja jioni pikipiki iwe imeshaegeshwa ndani ya geti. Mengine yote badilisha utakavyo, lala mahali pengine, ongeza siku, lakini hayo mawili usiyaguse.

Uende lini

Masika achana nayo, Aprili mpaka Juni, na Mei ndio mbaya zaidi, manake upande wa Kinango ule udongo ukinyeshewa unajaza tairi ya mbele mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na ukiwa peke yako hakuna wa kukusukuma. Vuli nayo, kuanzia Oktoba mpaka Disemba, huku pwani inaweza kuwa ya kawaida tu lakini Taita milimani Novemba ni mvua kweli kweli na ukungu juu yake. Zinabaki Januari na Februari, kukavu lakini jua la Taru, ile nyika kavu kati ya Samburu na Voi, linaunguza, na Julai mpaka Septemba ambapo kuna upepo wa kusi na Wundanyi kuna baridi ya kuvaa sweta mbili. Mimi naipendelea hii ya pili, Agosti na Septemba, kwa sababu baridi unaivalia nguo lakini joto la kilomita mia likishakuchosha akili huna dawa yake.

Siku ya wiki pia ina maana. Ondoka Jumanne ama Jumatano. Ijumaa jioni na Jumapili jioni, na mwisho wa mwezi, na siku za kuelekea sikukuu, barabara ya Nairobi inajaa magari madogo yanayopitana hovyo na hao ni wabaya kuliko trela.

Karatasi kwanza

Leseni iwe na daraja A2, hiyo ndio ya pikipiki ya mtu binafsi, A3 ni ya bodaboda na tuktuk. Daraja B la gari peke yake halikuruhusu kupanda pikipiki, na kuna watu wameendesha miaka hawajui hilo. Bima angalia tarehe ya mwisho, isije ikaishia katikati ya safari. Kama pikipiki si yako beba kopi ya logibuku na barua ya mwenyewe yenye namba yake ya simu. Helmeti na jaketi la rifleka ni sheria, lakini hata isingekuwa sheria lile jaketi livae, kuanzia Samburu ndilo litakalomfanya dereva wa trela akuone.

Piga picha za karatasi zote uweke kwenye simu, alafu zile zenyewe zifunge kwenye mfuko wa plastiki.

Pikipiki itayarishwe wiki moja kabla, si usiku wa kuamkia safari

Sababu ya wiki moja ni kwamba kitu kipya kikifungwa vibaya kinajionyesha ndani ya kilomita mia za kwanza, na afadhali kijionyeshe Bamburi kuliko Maungu. Peleka kwa fundi unayemuamini na usimame hapo hapo akifanya.

Anza na tairi. Ya nyuma ikiwa imelika katikati imekuwa bapa, badilisha, usiseme itamaliza hii safari. Upepo fuata stika ya pikipiki yako, Boxer nyingi ni psi 25 mbele na psi 28 nyuma ukiwa peke yako, na upime asubuhi tairi ikiwa baridi. Kisha cheni: ishike katikati kwa kidole uinyanyue, icheze kama sentimita mbili mpaka tatu. Ikiwa imekaza sana inakula beringi, na ikilegea itaruka kwenye sproketi siku unapanda mlima. Zungusha gurudumu uangalie sehemu mbali mbali, manake cheni iliyochoka inakaza huku na kulegea kule, na hiyo dawa yake ni kubadilisha pamoja na sproketi zote mbili. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo, zote zitoe sauti inayofanana, ile inayolia kama kopo imelegea.

Breki za nyuma nyingi ni za ndani, za kiatu, angalia kiatu kimebaki kiasi gani kwa sababu kushuka Wundanyi kutakiuliza swali. Badilisha oili, safisha kabureta na chujio la hewa, weka plagi mpya na ile ya zamani kama bado nzima iweke kwenye begi. Waya za klachi na aksileta zitiwe oili, na kama ya klachi imeanza kuchanika nyuzi pale kwenye mkono, hiyo haifiki Voi. Taa zote, honi, indiketa, na sidemira zote mbili ziwepo. Najua vijana wengi huzitoa ionekane safi, lakini kwenye barabara ya Nairobi sidemira ndio jicho lako la nyuma, usiende bila.

Kisha funga mizigo yako yote kama unasafiri uende mpaka Mtwapa urudi. Utajua kamba ipi inalegea.

Vya kubeba

Tyubu mbili, moja ya mbele moja ya nyuma, hizi hazina mjadala. Pampu ya mkono, vyuma viwili vya kutolea tairi, viraka na gamu yake na kipande cha msasa, spana za saizi za pikipiki yako hasa ile ya nati kubwa ya gurudumu la nyuma, plaizi, bisibisi, waya laini wa kufungia, tepu ya umeme, kiungo cha cheni, fyuzi, na nusu lita ya oili. Kitochi cha kichwani. Huduma ya kwanza ya kawaida, bendeji pana na dawa ya kusafishia kidonda. Maji lita tatu usipunguze. Koti la mvua, sweta, glovu, na shali ya kuziba pua vumbi likianza. Pawabenki. Ramani ipakue kwenye simu kabla, kuna vipande kati ya Kwale na Samburu mtandao unapotea.

Mizigo mizito iwe chini na karibu na kiti, myepesi juu. Begi la mgongoni zito achana nalo, bega likichoka na mikono inachoka, na mkono ukichoka breki inachelewa. Na usitumie zile kamba za mpira peke yake, funga kwa kamba ya kawaida alafu mpira uwe wa kukazia tu.

Pesa gawanya: kidogo mfukoni, kidogo ndani ya kiatu au begi, nyingine kwenye M-Pesa. Mafuta yatakula kama lita 13 mpaka 15 kwa Boxer, zidisha na bei ya siku hiyo, ongeza malazi mausiku mawili na chakula, alafu weka kando pesa ya kutosha kupakia pikipiki kwenye pikapu kutoka Voi kurudi Mombasa. Hiyo ya mwisho usiiguse kwa jambo lingine.

Mtu mmoja ajue

Ukiwa peke yako huyu ndiye mwenzako wa safari. Chagua mtu mmoja, si kikundi cha watsapu, kwa sababu kikundi kila mtu anadhani mwingine anafuatilia. Muandikie njia yote na vituo vyako: Kwale, Kinango, Samburu, Mackinnon Road, Voi. Mkubaliane kila ukifika utamtumia ujumbe, na mkubaliane pia zikipita saa ngapi kimya atafanya nini: apige simu yako kwanza, alafu malazi ulikopanga kulala, alafu polisi. Namba za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Namba ya huyo mtu na kundi lako la damu viandike kwenye karatasi uibandike ndani ya helmeti, simu ikivunjika ama ikifungwa kwa nywila watu watasoma hapo.

Wa barabarani wakikuuliza unaenda wapi waambie kituo kinachofuata tu. Na ukiulizwa uko peke yako, jibu ni kwamba wenzako wako nyuma. Dada zangu mnaoendesha hili shikeni zaidi, na malazi pangeni kwa simu kabla hamjatoka nyumbani, mkiuliza wazi wazi kama kuna geti linalofungwa na askari wa usiku.

Siku ya kwanza: Mombasa, Kwale, Kinango, Samburu, Voi

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Una njia mbili za kutoka kisiwani kwenda kusini. Ya Likoni ni feri, zima injini, shuka, shikilia pikipiki na breki ya mbele mpaka mguse ng'ambo, manake ile sakafu ya chuma ikiwa na maji ya chumvi stendi inateleza. Ya pili ni kuzunguka Miritini na kushika Dongo Kundu, unapita juu ya madaraja ya Mwache na Mteza na mandhari ya mikoko pale ni ya kusimamisha moyo, lakini upepo wa ubavuni darajani ni mkali, punguza mwendo na ulegeze mikono, ukikakamaa pikipiki inayumba zaidi.

Njia zote zinakutana kwenye barabara ya Lunga Lunga, unashuka mpaka Kombani unakata kulia. Hapo ndipo safari inaanza. Barabara inapanda taratibu, minazi inapungua, hewa inabadilika, na ukifika Kwale mjini unasikia ubaridi ambao Mombasa haupo. Kunywa chai hapo, mbaazi na mahamri ukivipata vya moto usiviache, kwa sababu mbele chakula kitakuwa cha kubahatisha. Jaza tangi. Kanuni ya mafuta ni moja tu, ukifika mji wenye petroli stesheni na tangi limefika nusu, jaza, na ya chupa barabarani iwe ya dharura peke yake.

Ndani ya hifadhi ya Shimba Hills pikipiki haziingii, kwa hivyo palahala, wale swara wakubwa weusi ambao Kenya nzima wako hapo tu, utawaona siku nyingine ukiwa na gari. Lakini barabara ya kwenda Kinango inapita ubavuni mwa hifadhi na karibu na Mwaluganje, hifadhi nyingine ya ndovu, na ndovu hawajui mpaka. Simama stegi ya bodaboda pale Kwale uwaulize vijana mambo mawili: ndovu wameonekana wapi leo, na barabara ikoje, kwa sababu ujenzi kati ya Kwale, Kinango na Samburu umekuwa wa vipande na wao ndio wanaopita kila siku.

Ukimuona ndovu barabarani, au kinyesi kibichi kinachofuka moshi, fanya hivi. Simama mbali, mita mia au zaidi, usisogee kupiga picha. Injini iache inguruma taratibu, usipige honi, usiivumishe kwa aksileta. Geuza pikipiki iangalie ulikotoka kabisa, uwe tayari kwa gia ya kwanza, umuangalie kwa sidemira. Angalia pande zote za kichaka, akiwa mmoja barabarani jua wengine hawajavuka, na mama akiwa upande mmoja na mtoto upande wa pili usithubutu kupita katikati. Subiri wavuke wote, kisha subiri tena dakika tano. Lori ama matatu ikija muombe dereva upite ubavuni mwake, upande ule usio na ndovu. Usishindane mbio na ndovu, kwenye changarawe anakushinda.

Mteremko wa kutoka Kwale kwenda Kinango tumia gia, usining'inie kwenye breki. Kwenye changarawe kaa mgongo umenyooka, magoti yabane tangi, mikono laini, macho yaangalie mbali unapotaka kwenda na si kwenye jiwe unaloliogopa. Breki ya nyuma ndio ya kutegemea hapo, ya mbele iguse tu. Ukikuta mchanga mzito usikate aksileta ghafla, punguza kabla hujaingia alafu ukiwa ndani shikilia mwendo ule ule mpaka utoke. Kijiji chochote ukipita punguza kabisa, mbuzi wa Kinango anavuka barabara mara mbili, na vumbi lako linaingia kwenye sufuria za watu.

Kinango pumzika, maji, ujumbe kwa mtu wako, na salamu kwa wazee waliokaa chini ya mti, shikamoo haikupunguzii kitu na ndiyo itakayokupa habari ya barabara iliyo mbele. Kutoka hapo ni nchi kavu, wazi, mibuyu na ng'ombe wa Waduruma, mpaka utokee Samburu saa tano na kitu. Jaza mafuta, kaza cheni kama imelegea, vaa jaketi juu ya kila kitu.

Sasa trela. Ukiwa barabara ya Nairobi endesha 70 mpaka 80, kaa theluthi ya kushoto ya njia yako lakini si kwenye ukingo kabisa, ule ukingo una changarawe na vipande vya tairi. Trela ikija mbele yako upepo wake unakusukuma nje kwanza alafu unakuvuta ndani, kwa hivyo lala kidogo kwenye tangi na usishike mikono kwa nguvu. Gari linalopitana likija uso kwa uso kwenye njia yako, litakutarajia wewe ndiye utoke, na utoke kweli, usibishane nalo kuhusu haki, punguza na uteremke ukingoni pikipiki ikiwa imenyooka. Kupita trela wewe mwenyewe: kaa nyuma mbali uione njia yote, usipite kwenye mlima wala kona, na kama ziko tatu zimefuatana bila nafasi katikati, acha, zitapunguza zenyewe kwenye mlima unaofuata.

Mackinnon Road simama. Ule msikiti kando ya reli ndipo alipozikwa Seyyid Baghali Shah, aliyekuja kufanya kazi ya ujenzi wa reli iliyoanza Mombasa 1896, na madereva wa njia hii wana desturi ya kusimama, wa dini zote. Kuna kivuli na mahali pa kuswali, swala ya safari unaifupisha na mwili unapata nusu saa ya kupoa. Nusu saa hiyo ni ya lazima hata kwa asiyeswali, kwa sababu kutoka hapo mpaka Maungu ni moto wa Taru na macho yanaanza kufumba.

Uwe Voi kabla ya saa kumi, si kwa sababu ya giza tu, ni kwamba unaelekea magharibi na kuanzia saa kumi jua linaingia machoni moja kwa moja, na dereva aliye nyuma yako pia limemuingia. Malazi tafuta ndani ya mji yenye geti. Voi kuna hospitali ya rufaa, mafundi wazuri na maduka ya spea, kwa hivyo chochote kilicholia leo kitengenezwe jioni hii.

Panchari ukiwa peke yako

Naiweka hapa kwa sababu kipande cha kuanzia Samburu mpaka Mwatate kina miiba ya migunga na misumari ya malori, na fundi anaweza kuwa kilomita ishirini.

Ukihisi nyuma inaogelea, usikanyage breki, achia aksileta taratibu na utoke barabarani kabisa mpaka chini ya kivuli. Stendi ya katikati. Kwa panchari ndogo huna haja ya kutoa gurudumu. Zungusha tairi polepole utafute msumari, ukiuona weka alama kwa kalamu kwenye tairi. Toa upepo wote, legeza nati ya mdomo wa tyubu, kanyaga tairi iachane na rimu upande mmoja, ingiza chuma cha kwanza, cha pili sentimita kumi kando, nyanyua. Vuta tyubu nje, ipige upepo kidogo, sogeza karibu na midomo yako, mdomo unasikia upepo kabla ya sikio. Sugua kwa msasa mpaka ule mng'aro uishe, paka gamu, na hapa ndipo watu wanapoharibu: subiri. Gamu ikauke mpaka ukiigusa pembeni haishiki kidole, ndio ubandike kiraka na ukikandamize kwa mpini wa bisibisi. Kabla ya kurudisha, pitisha kitambaa ndani ya tairi duara zima, si kidole, uhakikishe mwiba umetoka. Tyubu itie upepo kidogo ichukue umbo lake ndio uiingize, ikiingia tupu inajikunja na chuma kinaibana, unapata panchari ya pili hapo hapo. Malizia karibu na mdomo wa tyubu, pampu, na baada ya kilomita tano simama ubonyeze.

Tundu likiwa kubwa au limechanika usipoteze gamu, toa gurudumu uweke tyubu mpya. Fanya zoezi hili nyumbani mpaka ulifanye bila kufikiria.

Siku ya pili: Mwatate na Wundanyi

Hii siku ni fupi kwa makusudi. Voi mpaka Mwatate ni kilomita 25 hivi za lami nzuri, barabara ya Taveta, na ndovu wanavuka hapa pia hasa asubuhi mapema, kwa hivyo ondoka saa mbili. Unapita mashamba ya mkonge, mistari imenyooka mpaka chini ya mlima. Mwatate unakata kulia na milima inakuchukua.

Kona za kupanda Wundanyi ni za kuheshimu. Shuka gia kabla ya kona, si ndani yake. Piga honi kwa kila kona iliyofichwa, na ukae kushoto kabisa kwa sababu pikapu za mboga zinashuka zimejaa na dereva anatumia barabara yote. Kona ya mkono wa kulia ndiyo inayoua watu wa pikipiki, unaingia kwa kasi, unapanuka kushoto unaangukia mtaroni. Ingia polepole, macho yaangalie mwisho wa kona, mwili utafuata. Kila baada ya dakika kumi simama tu uangalie nyuma, tambarare yote ya Tsavo iko chini yako.

Wundanyi weka mizigo malazini, alafu pikipiki ikiwa nyepesi zunguka Werugha na Mgange, vitongoji vya mashamba ya ngazi ngazi na mito midogo, na uende taratibu mpaka karibu na Vuria, kilele cha juu kabisa cha Taita, mita 2,208, chenye minara ya mawasiliano juu. Msitu wa Ngangao nao uko upande huu, vipande hivi vya msitu vina ndege ambao hawapatikani popote pengine duniani, ukiingia tembea na mtu wa hapo. Mchana ulizia kimanga, chakula cha Wataita cha maharagwe yaliyopondwa na muhogo ama ndizi, kinashikilia tumbo mpaka usiku. Ukungu ukianza kushuka saa kumi, rudi mjini.

Siku ya tatu: kurudi kwa Kaloleni

Leo ndio ndefu, kama kilomita 280. Usitoke alfajiri. Kwanza ukungu, pili unaelekea mashariki na jua la asubuhi liko usoni. Saa moja na nusu inatosha. Mteremko wote gia ya pili na ya tatu, breki ziguse na kuachia, zisipate moto, ukisikia harufu ya kuungua simama zipoe.

Voi mpaka Mariakani ni kipande chako kirefu cha mwisho cha barabara kubwa, kama kilomita 120, kigawe mara tatu kwa mapumziko ya Maungu na Mackinnon Road. Ukikaribia mzani wa Mariakani trela zinapanga foleni na zinatoka ghafla, hapo nenda arobaini. Kisha kata kushoto, na mara moja kelele zinaisha.

Barabara ya Kaloleni ndiyo ninayoipenda kuliko zote kwenye mzunguko huu. Vilima, minazi mirefu, mikorosho, nyumba za makuti, watoto wanaopunga mkono. Hii ni nchi ya Wagiriama, na Kaya Fungo ambayo Waingereza waliilipua kwa baruti Agosti 1914 baada ya Mekatilili wa Menza, yule mama kiongozi wa Wagiriama, kuwaapisha watu wasikubali kazi za lazima iko upande huu. Kaya ni mahali patakatifu, na misitu ya kaya za Wamijikenda imeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008, kwa hivyo usijiingilie, ulizia wazee, wakikubali nenda nao na ufuate wanachokwambia, wakikataa shukuru uendelee. Mnazi, ile pombe, utakaribishwa, hasa mchana. Kataa kwa heshima ukiwa na pikipiki, nunua dafu.

Kaloleni kula na uamue kulingana na saa. Ikiwa imepita saa nane, pita Ribe na Rabai utokee Mazeras, ni fupi zaidi. Rabai pale kuna kanisa na makumbusho ya wakati wa Krapf, mmishonari wa Kijerumani aliyefika 1846, na ndipo mwenzake Rebmann alipoondokea mwaka 1848 kwa miguu, akapita Taita unakotoka wewe, mpaka akauona Kilimanjaro. Ikiwa bado mapema, endelea Mavueni, unateremka polepole mpaka uione bahari tena, alafu kulia kupitia Vipingo na Mtwapa. Njia ya Kilifi imekuwa na ujenzi wa kupanuliwa, kwa hivyo jiandae kwa vumbi, michepuko na foleni Mtwapa. Ukifika Mavueni imekaribia saa kumi na moja, vuka daraja ulale Kilifi, urudi kesho asubuhi.

Ukishafika nyumbani

Mtumie ujumbe yule mtu wako. Pikipiki ioshe siku hiyo hiyo ama kesho yake, matope ya Kinango yakikauka pamoja na chumvi ya pwani yanakula spoki na nati. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa na brashi, ikauke, alafu oili. Pitia nati zote tena kwa spana, hasa za kishikio cha mizigo na egzosi, na ugonge spoki upya. Oili badilisha kama imekuwa nyeusi na nyepesi. Ile tyubu uliyotumia nunua nyingine uirudishe kwenye begi la vifaa.